Maji Niliyoyaandikia "Haifai"

Vijana wa maabara, siku ile ya chai ya kuniaga mlinipa blanketi zuri, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazini "kabla hujasahau, Mzee." Kwa blanketi nashukuru. Kuhusu kusahau, laiti ningeweza. Mimi ni mtu ambaye mpaka leo nikifunga mlango hurudi kuangalia kama nimeufunga, na mke wangu huniacha nirudi mara mbili ndipo aniite nije nile. Msitarajie habari za vyeo na mishahara hapa. Vyeo vilikuja vilipotaka vyenyewe, na mshahara wa maabara mnaujua. Nitaandika juu ya hadubini, juu ya mzee aliyenifundisha kazi, na juu ya mtoto mmoja wa Gatitu aliyekuwa akitokwa na maji sikioni. Huyo mtoto ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Nilifika Nyeri Uhuru ukiwa bado mchanga, kijana kutoka upande wa Bungoma, na sanduku la mbao na koti jepesi la kuvaa kanisani. Ilikuwa mwezi wa Julai. Wenyeji wanajua Julai ya huko maana yake nini: baridi na ukungu. Mlima hatukuuona wiki tatu nzima, na nilidhani walionielezea kwamba kuna mlima walikuwa wananitania.

Msimamizi wa maabara alikuwa Mzee Kariuki, mtu mfupi aliyevaa sweta mbili chini ya koti jeupe, moja ikiwa imetoboka kiwiko. Alisoma barua yangu ya kazi akiwa ameishika mbali na macho.

"Unaitwa nani?"

"Wasike, Mzee."

"Wasi nini?"

"Wasike."

Akanitazama. Nilikuwa nimeweka mikono nyuma ili asione inavyotetemeka. "Hiyo si jina," akasema. "Hiyo ni wasiwasi." Kuanzia siku hiyo, hospitali nzima, kuanzia jikoni mpaka chumba cha maiti, niliitwa Wasiwasi. Sikuwahi kulipinga jina hilo, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Mambo ya kwanza yaliyonishinda yalikuwa ya lugha. Wazee wengi waliokuja hawakujua Kiswahili, nami ilinibidi niwaombe sampuli za choo kwa Kikuyu cha kubahatisha. Sasa, kwa Kikuyu neno la choo na neno la maji yanakaribiana mno, mai na maaĩ, na tofauti yake iko mdomoni mwa mwenyeji, si mwangu. Nilimpa mzee mmoja wa Othaya chupa ndogo nikamweleza anachotakiwa kuleta. Kesho yake alirudi na chupa imejaa maji safi kabisa, ameiziba kwa jani la mgomba, akasema ameyachota juu kwenye chemchemi ambako ng'ombe hawafiki. Mzee Kariuki alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitafsiria, na mzee wa Othaya naye akacheka, na mimi nikaenda nyuma ya maabara kujifanya naosha slaidi.

Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo cha duara chini yake, na ulikigeuza mpaka kikashika mwanga wa dirishani na kuupandisha kwenye slaidi. Mwezi wa Januari ilikuwa raha. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka, ulikuwa unatazama slaidi kama mtu anayetafuta sindano ndani ya gunia. Tulikuwa na balbu moja ya mezani kwa siku kama hizo, na umeme wa siku hizo ulikuja na kuondoka bila kuaga.

Mzee Kariuki alinifundisha kwa amri fupi fupi. Andika jina la mgonjwa kabla hujagusa chupa. Usifute kitu kwenye rejista. Ukikosea, andika chini yake kwa wino mwekundu, ili anayekuja nyuma aone ulikosea wapi. Na amri kubwa kuliko zote: maji ya mgongo hayangoji. Yakija, acha chai, acha mkojo, acha makohozi, acha hata mkubwa wa hospitali akiwa anazungumza nawe. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo anaweza kuletwa asubuhi akiwa analia na jioni asiwe na nguvu ya kulia. Daktari anamchoma sindano mgongoni, yanatoka matone machache, na matone yale unayabeba kama yai. Unapaka slaidi, unaikausha, unaweka rangi ya zambarau, aidini, spiriti, kisha rangi nyekundu, unaosha, unatazama. Maji ya asiye mgonjwa huwa safi kama ya kunywa; yakiwa meupe kama ya mchele, tayari unajua ni homa ile. Mimi kila mara moyo ulinienda mbio, na haukuwahi kuzoea mpaka siku ya mwisho ya kazi yangu. Wenzangu walizoea. Niliwaonea wivu.

Amri nyingine ilihusu masikio. Watoto wa milimani husumbuliwa sana na masikio, na kila siku ya kliniki tulipokea vijiti vya pamba vyenye usaha. Lakini akina mama wa pale ni watu wa heshima. Hawezi kumpeleka mtoto kwa daktari akiwa mchafu, watu watasemaje? Kwa hiyo asubuhi ya kliniki, kabla ya kuchukua barabara, kila mama alimwogesha mtoto, akamsugua masikio, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Kijiti kikija kwetu hakina usaha. Kina maji ya bafu. Mzee Kariuki alinifundisha kwamba kijiti cha sikio chenye maji ni cha kutupa. Fomu na rejista zilikuwa za Kiingereza, ila kwenye safu ya maelezo alituagiza tuandike "haifai" kwa Kiswahili, kwa sababu ile safu ilikuwa nyembamba na Kiingereza kina herufi nyingi. Nimeandika "haifai" mara nyingi kuliko jina langu.

Wambui, yule mtoto wa Gatitu, nilimfahamu kwanza kama matone tu. Miaka ya sabini ilikuwa imefika katikati, mimi nikiwa tayari naachiwa maabara peke yangu Mzee Kariuki akienda shambani kwake Karatina. Yalikuja maji ya mgongo ya mtoto wa miaka mitano, meupe kama ya mchele. Nikapaka, nikatazama, nikawaona wadudu wa ugonjwa huo, wa zambarau, wamekaa wawili wawili. Nilikimbia wodini na jibu nikiwa bado nimeshika kitambaa cha kufutia. Alitibiwa kwa penisilini, akapona, akarudi kwao Gatitu. Tulifurahi. Sikuuliza kitu, kwa maana aliyepona haulizwi.

Miezi michache baadaye kliniki ya masikio ikatuletea kijiti chenye jina hilo hilo. Fomu ilisema: usaha, sikio la kushoto. Kijiti kilikuwa kimelowa maji safi. Nikaandika haifai. Wiki mbili baadaye kikaja kingine, kimelowa zaidi, na safari hii nilikasirika. Nilitoka mpaka kwenye dirisha la kupokelea. Pale alisimama mwanamke mwembamba, leso ya kijani kichwani, na mtoto wa kike ameshika sketi yake. Alikuwa anauza viazi na kabichi Gatitu, na vidole vyake vilikuwa na udongo ambao hautoki hata ukisugua. Mtoto aling'aa kwa mafuta.

"Mama Wambui," nikamwambia, "ukimwosha mtoto sikio kabla ya kuja, sisi hatuwezi kupima. Tunapima maji ya bafu yako."

"Daktari, mimi sikumuosha sikio. Hiyo ni maji tu inatoka."

"Usaha, mama."

"Si usaha. Usaha naijua. Hii ni maji. Inatoka tu yenyewe."

Watu wote kule waliita usaha "maji". Sikio inatoa maji, kidonda inatoa maji. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara elfu, na mara elfu lilikuwa na maana ya usaha. Kwa hiyo mama aliposema maji, mimi nilisikia usaha, na nilipoona maji kwenye kijiti, nilisikia bafu. Nikamwambia asimwogeshe mtoto kabla ya kliniki ijayo. Akasema, "Sawa, daktari," kwa sauti ya mtu aliyetukanwa mbele ya watu. Nikarudi ndani, nikaandika kwenye rejista sentensi ambayo nitaifikia baadaye.

Kabla ya kliniki ijayo kufika, Wambui aliletwa wodini na homa, shingo ngumu kama mti. Maji ya mgongo, meupe. Wadudu wawili wawili, zambarau. Wale wale.

Nilimwuliza Mzee Kariuki, "Mzee, mtoto mmoja anawezaje kupata ugonjwa huu mara mbili?"

"Bahati mbaya, Wasiwasi. Iko watu wanang'atwa na nyoka mara mbili."

Jibu hilo lilinitosha kwa mchana ule, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza kuna kitu ninakiona bila kukiona. Wambui alipona tena. Daktari wa watoto, Daktari Akinyi, mwanamke kijana kutoka Kisumu aliyezungumza haraka na kutembea haraka zaidi, alisema hajawahi kufurahi na kuogopa kwa wakati mmoja namna ile.

Kisha ikafika siku ya kliniki. Kulikuwa na jua na vumbi, nami nilikuwa dirishani napokea chupa. Kwenye foleni watu walikuwa wamemwachia mwanamke mmoja nafasi, ile nafasi ambayo watu humwachia mtu wanayemnong'ona. Alikuwa Mama Wambui. Mtoto alikuwa mchafu. Siwezi kuelezea vizuri alivyokuwa mchafu, nywele zina vumbi la barabara, shingo nyeusi, gauni lina tope la juzi. Mama alikuwa amefuata nilivyomwambia, tena akaongeza. Alikuwa hajamwogesha wiki nzima ili nisiseme tena. Akamsukuma mbele ya dirisha na hakunitazama usoni.

"Haya daktari. Sijamuosha. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Kutoka kwenye sikio la kushoto, katikati ya uchafu wote ule, kulikuwa na mstari mmoja safi. Ulishuka kutoka tunduni, ukapita nyuma ya taya, ukaingia kwenye kola ya gauni, na ngozi ya pale ilikuwa safi kama imeoshwa kwa sabuni. Nikiwa natazama, tone likatoka sikioni, likashuka kwenye njia yake.

Nikakumbuka kitu nilichosoma chuoni na kupata alama nzuri, kisha nikakifungia huko huko: kwamba maji yale ya mgongo hayakai mgongoni tu. Yanazunguka ubongo wote, juu mpaka chini, nyuma ya masikio, nyuma ya pua. Sisi tuliyatoa mgongoni kwa sindano, tukayaita maji ya mgongo, na jina hilo likanifunga macho. Miaka yote ile nilikuwa nayapokea ya mgongoni kama yai, na yaliyokuja kwa njia ya sikio nikayatupa kwenye ndoo.

Nilimwinamisha Wambui kichwa mbele, taratibu, nikakinga chupa ndogo. Yalidondoka kwa kasi zaidi akiinama. Nikapata matone kama kumi. Maji ya bafu hayana sukari. Maji ya ubongo yanayo. Nikachukua karatasi ya kupimia sukari kwenye mkojo, nikaichovya kwanza kwenye maji ya bomba, haikubadilika. Nikachovya nyingine kwenye maji ya Wambui. Ikabadilika rangi. Nikarudia mara tatu, maana mnanijua, na mara ya tatu Mzee Kariuki akaja akasimama nyuma yangu. Alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena.

Daktari Akinyi alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Hiyo karatasi inaweza kudanganya, Wasiwasi. Hata machozi yana sukari."

"Najua, Daktari. Lakini hakuna mtu analia kwa sikio."

Alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika, akaenda kwa haraka yake. Alimpima mtoto masikio kwa kunong'ona upande mmoja, kisha wa pili, akagundua sikio la kushoto halisikii hata kidogo. Mama akasema, "Hiyo haijawahi kusikia tangu azaliwe. Ukimwita anageuza hii ingine." Alikuwa anajua. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Daktari Akinyi akasema kuna tundu ndani, ubongo wa mtoto uko wazi kwa wadudu wa sikioni, na hautakoma kushambuliwa mpaka fundi wa masikio Nairobi alizibe. Akaandika barua siku ile ile. Nairobi wakajibu kwamba kitanda kitapatikana baada ya wiki sita.

Wiki sita hizo sikuziishi kama mtu. Daktari aliagiza dawa zote za matone za sikio zisimamishwe, asizibwe pamba, asipenge kamasi kwa nguvu, alale kichwa kikiwa juu, na kila Jumatatu aletwe aangaliwe. Mama alimpitisha kwanza dirishani kwangu. Nilikuwa nimemfundisha Wambui mchezo: akiniona tu, agusishe kidevu kifuani. Mtoto mwenye homa ile hawezi, shingo hukataa. Yeye aliuona ni mchezo wa kuchekesha, akawa anaufanya kutoka mbali, tangu kwenye geti, kidevu kifuani, kidevu kifuani, huku anacheka na meno ya mbele hayapo. Nikiona hivyo, niliweza kula. Jumatatu nne nilikula.

Jumatatu ya tano ilikuwa Julai na ukungu ulikuwa umefika mpaka madirishani. Nilimwona mama kwanza, anakimbia, mtoto mgongoni amefungwa kwa leso. Nilitoka nje. "Wambui," nikaita, "kidevu." Macho yalinitazama. Kichwa hakikuinama.

Daktari Akinyi hakungoja maabara, alianza dawa palepale, na akachoma mgongo. Alitaka nimwambie ni wadudu gani, maana dawa za wadudu wengine zilikuwa tofauti na hakutaka kubahatisha. Nikapaka slaidi. Nikageuza kioo cha hadubini dirishani, nikaona kijivu. Nikawasha balbu, umeme ulikuwa umeondoka tangu alfajiri. Nikageuza kioo huku na huku, bado kijivu. Mzee Kariuki akatoka nje. Nikasikia injini, na Land Rover ya hospitali ikaja kinyumenyume, ikageuka, ikasimama pua yake ikielekea dirishani kwangu. Injini ikazimwa, taa zikawaka. Dereva alikuwa analalamika kwamba betri itakufa.

"Wacha ikufe," nikamsikia Mzee Kariuki akimwambia. "Tutaisukuma. Hii mtoto hatuwezi kusukuma."

Mwanga wa Land Rover uliingia kwenye kioo, ukapanda, na wakaonekana, wawili wawili, wa zambarau. Nilimwita Mzee aone pia, kwa sababu sikuamini macho yangu. Akatazama muda mrefu. "Ni hao," akasema. Dawa ikabaki penisilini, ikaongezwa.

Siku nne hatukujua. Siku ya tano alikunywa uji. Ya saba alikaa. Nilipanda wodini adhuhuri, nimebeba trei ya chuma yenye chupa za damu. Kwa ajili ya furaha au ya kutolala, sijui, nikajikwaa mlangoni, na trei ikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichowaamsha watoto wote. Wengine wakalia. Nesi akapiga kelele. Wambui alikuwa amekaa kitandani, amenipa mgongo, anachezea vifungo vya gauni. Hakugeuka.

Nilimtazama mama yake. Alikuwa ananitazama tayari.

"Tangu Ijumaa," akasema. "Nilikuwa nangoja nyinyi mseme."

Homa ile ikishaondoka, wakati mwingine huondoka na masikio. La kushoto hakuwa nalo. Sasa lilikuwa limekwenda la kulia.

Nairobi walimpokea. Daktari wa masikio alifungua, akaona kwamba sikio la ndani liliumbwa vibaya tangu tumboni, na karibu na kamfupa kale kadogo kuliko yote mwilini kulikuwa na tundu la kupita sindano, maji ya ubongo yanadondokea sikioni. Ngoma ya sikio nayo ilikuwa imetobolewa na usaha wa zamani, ndiyo maana yalitoka nje. Alikata kipande kidogo cha msuli juu ya sikio, akaziba. Maji yakakoma siku hiyo. Wambui hakuugua tena ugonjwa ule. Alienda shule ya viziwi, akajifunza kushona, na leo ana watoto wanaomwita kwa kumgusa bega.

Miaka ilienda. Hadubini zenye taa zilikuja, Mzee Kariuki akastaafu akarudi Karatina, mimi nikawa wa kufundisha wengine. Niliona watoto wengine watatu wa namna hiyo. Mmoja alianguka kutoka juu ya lori la mbao kule Nanyuki, sikio likatoa damu kisha maji, na alipelekwa kabla ya homa hata moja. Huyo anasikia. Ndiyo maana niliwachosha kwa maswali yangu, mkawa mnaniigiza mkidhani sisikii: "Mama alisemaje? Alisema maji au alisema usaha? Mliandika alivyosema yeye, au mlivyosikia nyinyi?" Mtoto akipata homa ya uti wa mgongo mara ya pili, msiite bahati. Tafuteni mlango. Angalieni masikio, angalieni pua, jueni kama anasikia pande zote mbili. Na kijiti kikija na maji, kabla hujakitupa, toka nje ukamtazame mtoto.

Nimeruka kitu hapo juu. Niliruka kwa woga, na nimeandika karatasi hizi zote nikitumaini kwamba nitachoka kabla ya kukifikia.

Waliporudi kutoka Nairobi, Mama Wambui alikuja maabara siku isiyo ya kliniki. Wambui alikuwa amenyolewa upande mmoja, ana kovu nyuma ya sikio, amevaa gauni safi. Mama hakukaa.

"Daktari ya Nairobi aliniuliza kama kuna mtu alipima hiyo maji kabla yake," akasema. "Nikamwambia nilileta mara mbili. Akauliza walisema nini. Sikujua. Nataka kuona kwa kitabu."

Ningeweza kusema rejista iko stoo. Neno hilo lilikuwa mdomoni tayari, naliona mpaka leo lilivyokuwa jepesi. Mzee Kariuki alikuwa mezani kwake, hakuinua kichwa. Nikaishusha rejista, nikafungua ukurasa, nikamgeuzia. Alisoma kwa kidole, polepole, kama watu waliosoma miaka michache. Mstari wa kwanza ulikuwa neno moja. Wa pili ulikuwa mrefu, umebanwa mpaka nje ya safu. Haifai. Ni maji tu. Mama amemwosha.

Kidole kilibaki pale mwishoni.

"Hapa umeandika mimi."

"Ndiyo, Mama Wambui."

"Na sikuwa nimemuosha."

"Hukuwa. Nilikosa mimi. Kama ningekusikia siku hiyo, pengine angekuwa na sikio moja."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alinisogezea rejista. Kisha akasema, "Andika."

Nikachukua kalamu ya wino mwekundu. Chini ya mstari ule nikaandika: Mama hakumwosha. Yalikuwa maji ya ubongo. Nikatia sahihi yangu.

"Soma."

Nikasoma.

"Soma tena," akasema. "Lakini geukia huyu. Siku hizi anasikia na macho."

Nikainama mpaka uso wangu ukawa sawa na wa Wambui. Macho yake yalishika mdomo wangu na hayakupepesa. Nikasoma, neno moja moja, nikifungua mdomo kwa kila neno: Mama. Hakumwosha. Yalikuwa. Maji. Midomo yake ikawa inafuata yangu, ikatafuta, ikapata.

"Maji!" akasema Wambui, kwa sauti kubwa iliyofika mpaka kwenye benchi za nje, kwa sababu hakuwa anaisikia.